Je, Niondoe Usuli Kwanza au Nisahihishe Polaraizesheni Kwanza?

Swali: Ninafanya utafiti wa shahada ya uzamili hapa Kisumu. Nina sampuli za aina mbili: udongo mwekundu niliouchota karibu na Kakamega, na diatomaiti ya Kariandusi, upande wa Nakuru. Zilipimwa kwa difraksheni ya eksirei (njia ya kutambua madini kwa jinsi fuwele zake zinavyotawanya eksirei) kwa tyubu ya shaba, nikarudishiwa mafaili ya hesabu ghafi pamoja na michoro ambayo programu ilikuwa imekwisha kuiondolea usuli, yaani hesabu zilizolala chini ya vilele. Usuli wa udongo mwekundu uko juu mno. Msimamizi wangu ananiuliza kama nilisahihisha polaraizesheni (upungufu wa ukali unaotokana na mwelekeo wa mtetemo wa eksirei) kabla au baada ya kuondoa usuli, na nikijaribu njia zote mbili napata namba tofauti. Mfuatano sahihi ni upi? Na je, jambo hili linahusu pia vipimo vya fluoresensi (mwanga ambao kitu hutoa chenyewe baada ya kuangazwa) ninavyofanya kwa maji ya Ghuba ya Winam?

Jibu: Ndugu, kwa ufupi, ondoa kwanza kile ambacho polaraizesheni haikukigusa, kisha ugawe kilichobaki kwa kizidishio cha polaraizesheni. Hata hivyo jibu hilo halitakusaidia mbele ya msimamizi wako usipoweza kueleza ni nini hasa kilichomo ndani ya huo unaouita usuli, kwa sababu kihesabu mfuatano peke yake hauna uwezo wa kubadilisha chochote. Ukiandika N kwa hesabu zote zilizopatikana katika pembe fulani, B kwa usuli, na P kwa kizidishio cha polaraizesheni, basi (N − B)/P ni sawasawa kabisa na N/P − B/P. Ukipata namba mbili tofauti, maana yake ni kwamba mara ya kwanza usuli uligawanywa kwa P na mara ya pili haukugawanywa, au kwamba programu ilichora mkunjo mwingine wa usuli baada ya data kubadilika umbo. Swali lako basi linageuka na kuwa hili: katika hesabu nilizo nazo, ni sehemu ipi inayostahili kugawanywa?

Tuanze na P yenyewe. Eksirei inayotoka kwenye tyubu ya kawaida haina mwelekeo mmoja wa mtetemo. Hutetema katika pande zote zinazokingama na njia inayopita. Elektroni inayotikiswa na wimbi hilo hutoa mawimbi mapya, lakini haitoi chochote kuelekea upande ule ule inakotikisikia. Kwa hiyo kigunduzi kilichowekwa katika pembe 2θ, yaani pembe kati ya njia ya eksirei inayoingia na ya ile inayotawanywa, hupata nusu moja ya mtetemo bila kupungua, na nusu ya pili ikiwa imepungua kwa cos²2θ, na hapo ndipo inapotoka kanuni P = (1 + cos²2θ)/2. Charles Barkla alilionyesha jambo hili kwa kutawanya eksirei katika majaribio yake ya kati ya 1904 na 1906, akawapa wanafizikia wa wakati huo sababu nzito ya kuihesabu eksirei kuwa jamaa ya nuru. Ukikokotoa, P ni takriban 0.90 katika nyuzi 26.6, pale kinaposimama kilele kikuu cha kwatzi, ni 0.625 katika nyuzi 60; na ni 0.5 katika nyuzi 90, ambako iko chini kabisa kabla ya kuanza kupanda tena.

Angalia kwamba maelezo hayo yote yanahusu mtawanyiko, yaani eksirei iliyoingia na kutoka ikiwa na kumbukumbu ya mwelekeo wake wa mtetemo. Vilele vya fuwele vimo humo, na mtawanyiko wa vitu visivyo na mpangilio wa fuwele umo humo pia. Usuli wa udongo wako mwekundu, kwa sehemu kubwa, haumo.

Rangi ya udongo mwekundu wa magharibi mwa Kenya inatokana na oksidi za chuma, hasa hematiti na gothaiti. Fotoni ya Kα ya shaba, yaani eksirei kuu ya tyubu ya shaba, ina nishati ya takriban kiloelektronivolti 8.05, ilhali ukingo wa ufyonzaji wa K wa chuma uko 7.11. Eksirei ya shaba basi ina nguvu ya kutosha kung'oa elektroni ya ndani kabisa ya atomu ya chuma, na atomu hiyo inapojirekebisha hutoa eksirei yake yenyewe, ya kiloelektronivolti 6.4, kwa usawa kuelekea kila upande, bila uhusiano wowote na mtetemo wa fotoni iliyoing'oa elektroni. Hiyo ndiyo fluoresensi ya chuma. Katika mashine ya kuakisi yenye mianya isiyobadilika na sampuli nene, huonekana kama sakafu iliyo karibu bapa toka mwanzo hadi mwisho wa mchoro. (Mashine ikiwa na mianya inayofunguka kadiri pembe inavyoongezeka, sakafu hiyo huinuka, muulize aliyekupimia ni mianya gani aliyoitumia, kwa kuwa jambo hilo mara nyingi haliandikwi popote.)

Chukua mfano wa sakafu bapa ya hesabu 900. Ukigawa data yote kwa P kabla ya kuiondoa, sakafu hiyo inakuwa 1,000 katika nyuzi 26.6, inakuwa 1,440 katika nyuzi 60, na inafika 1,800 katika nyuzi 90. Umetengeneza mlima ambao haukuwepo. Programu ikija kuweka mkunjo wa polinomia ya daraja la chini juu ya mlima huo, itaufuata vizuri mahali pengine na kuukosa mahali pengine, na tofauti hiyo itaangukia kwenye vilele vidogo vya pembe za juu, ambavyo ndivyo visivyoweza kustahimili kosa lolote. Hapo ndipo namba zako mbili zilipoachana.

Dawa bora ya fluoresensi, hata hivyo, iko kwenye mashine. Monokromata ya grafiti iliyowekwa kati ya sampuli na kigunduzi huizuia, kwa kuwa hupitisha urefu wa wimbi wa shaba pekee. Vigunduzi vingi vya kisasa vinaweza kuwekewa kizingiti cha nishati kinachokataa fotoni za 6.4 huku kikipokea zile za 8.05. Tyubu ya kobalti, ambayo Kα yake ni 6.93, haifikii ukingo wa chuma, na kwa udongo wa Kakamega ningeichagua hiyo mbele ya shaba kila ninapoipata. Ninalisisitiza hili kwa sababu usuli ulioondolewa kwa hesabu huacha kelele yake nyuma. Kilele chenye jumla ya hesabu 10,000, ambamo 9,000 ni usuli, kinakuachia 1,000 halisi, lakini hitilafu yake ni kipeuo cha pili cha 19,000, yaani karibu 138, ambayo ni asilimia 14. Hesabu hizo hizo 1,000 zingekuja bila usuli, hitilafu ingekuwa takriban 32, yaani asilimia 3. Hakuna programu inayoweza kukurudishia tofauti hiyo.

Zipo sehemu nyingine za usuli ambazo nitazipitia kwa haraka. Kelele ya kigunduzi chenyewe haijui kama boriti imewashwa. Ipime boriti ikiwa imefungwa, ilinganishe kwa muda wa kuhesabu, na uiondoe kabla ya jambo lingine lolote. Mtawanyiko wa hewa huonekana zaidi katika pembe ndogo, na katika vipimo vya kupenyeza, ambako eksirei hupita ndani ya sampuli, ni lazima kipimo cha chombo kitupu kizidishwe kwa sehemu ya mwanga iliyopenya sampuli kabla ya kukitoa, la sivyo utatoa zaidi ya kilichokuwepo. Kishikio cha kioo nacho hutoa nundu yake pana ikiwa unga uliowekwa juu yake ni mwembamba. Bamba la silikoni lililokatwa kwa pembe isiyotoa vilele huliondoa tatizo hilo.

Nundu ya kishikio inanileta kwenye diatomaiti, na hapa nakuomba usome polepole, kwani naona hatari kubwa zaidi ya kazi yako iko hapa wala haiko kwenye polaraizesheni.

Diatomaiti ya Kariandusi, jirani na Gilgil, ni mabaki ya magamba ya diatomu, yaani mwani wa chembe moja uliojijengea ganda la silika katika ziwa la kale la Bonde la Ufa. Silika hiyo ni ya aina ya opali isiyo na mpangilio wa fuwele. Kwa eksirei ya shaba haitoi kilele chembamba. Hutoa nundu pana ambayo kitovu chake kiko karibu na nyuzi 21 hadi 22. Sasa fikiria programu inafanya nini inapoambiwa iondoe usuli yenyewe. Inatafuta chochote kinachopanda na kushuka taratibu, inakiita usuli, na kukifuta. Nundu yote ya opali inaondoka. Kinachobaki kwenye mchoro ule safi uliorudishiwa ni vilele vya uchafu uliochanganyika na diatomaiti, kama vile kwatzi, feldispa na udongo wa mfinyanzi, na msomaji wa tasnifu yako ataamini kwamba diatomaiti imeundwa kwa vitu hivyo. Mchoro huo usiutumie kabisa. Rudi kwenye hesabu ghafi.

Sababu ya pili ya kuilinda nundu hiyo ni ya kiafya. Diatomaiti inapochomwa viwandani kwa joto kali, opali hugeuka polepole kuwa kristobalaiti, ambayo kilele chake kikuu kiko karibu na nyuzi 22, yaani juu kabisa ya nundu ileile. Vumbi la silika ya fuwele likivutwa mapafuni, kristobalaiti ikiwemo, limewekwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani, ilhali silika isiyo ya fuwele haimo katika kundi hilo. Anayeamua kama sampuli ina kristobalaiti kidogo au ina opali pekee anaamua jambo linalowahusu watu wanaoshinda ndani ya vumbi hilo, na uamuzi huo unategemea jinsi alivyochora mstari wa usuli chini ya nundu. Kumbuka pia kwamba kilele kikuu cha gothaiti kiko karibu na nyuzi 21.2, kwa hiyo usiharakishe kuita kristobalaiti kila kitu kinachochomoza hapo.

Njia ninayoiamini ni kuiacha nundu ndani ya modeli kama sehemu inayojitegemea, yenye kilele kipana chake, na kuweka chini yake usuli uliopimwa kwa kishikio kitupu kwenye mashine ileile. Nundu hiyo ni mtawanyiko, kwa hiyo inastahili kizidishio cha polaraizesheni sawa na vilele vingine. Ukitaka kujua kiasi cha opali, changanya sampuli na unga wa korandamu (oksidi ya alumini ya fuwele) uliopimwa kwa mizani. Tuseme korandamu ni asilimia 20 ya mchanganyiko, nao uchambuzi unaozingatia fuwele pekee unasema ni asilimia 25. Korandamu imeonekana kuwa nyingi kuliko ilivyo kwa sababu kuna kitu ambacho uchambuzi haukukiona. Gawa 20 kwa 25 upate 0.8, pengo lililobaki, yaani 0.2, ndiyo sehemu isiyo ya fuwele katika mchanganyiko, na ukiigawa kwa 0.8, ambayo ndiyo sehemu ya sampuli yako katika mchanganyiko huo, unapata kwamba asilimia 25 ya sampuli ya awali haina umbo la fuwele. Diatomaiti nzuri itakupa namba kubwa kuliko hiyo. Nimetumia hii kwa urahisi wa hesabu tu.

Sasa turudi kwenye P, kwa kuwa kanuni niliyoiandika juu ni ya boriti ambayo haijapita kwenye monokromata. Monokromata nayo ni fuwele inayotawanya, kwa hiyo huongeza polaraizesheni yake. Kanuni hugeuka na kuwa P = (1 + K cos²2θ)/(1 + K). Kwa grafiti na eksirei ya shaba, pembe ya monokromata ni nyuzi 26.6, na K huchukuliwa kuwa cos² ya pembe hiyo, yaani karibu 0.80. Kwa fuwele iliyo kamilifu sana, kama ile ya jemaniamu inayowekwa upande wa tyubu, K hukaribia kosaini yenyewe bila kupandishwa kwenye kipeo cha pili. Ukisahau monokromata na kutumia K = 1, utakosea kwa asilimia 6 hadi 7 katika nyuzi 60, na kwa takriban asilimia 11 katika nyuzi 90. Kosa hilo haliharibu mchoro machoni, na ndiyo sababu hudumu. Hujificha katika vizidishio vya joto vya atomu, kwa kuwa navyo hupunguza vilele kadiri pembe inavyoongezeka, na mtu huandika kwenye tasnifu kwamba atomu zake zinatikisika kupita kawaida ilhali tatizo lilikuwa namba moja kwenye faili la mipangilio.

Programu nyingi huuliza pembe ya monokromata tu. Kwa programu hizo, kuweka sifuri maana yake ni kwamba hakuna monokromata, 26.6 ni grafiti, na 90 ni sinkrotroni (mashine kubwa ya kuzungusha elektroni inayotoa eksirei kali), ambako boriti tayari imepolaraizika karibu kikamilifu katika bapa la mlalo na vipimo hufanywa kuelekea juu, hivyo P huwa moja kila mahali. Ukibahatika siku moja kupima SESAME kule Jordan, au sinkrotroni nyingine yoyote, ukatumia kigunduzi bapa kinachopokea pete nzima, itabidi uzingatie pia pembe ya kuzunguka pete hiyo, kwa sababu ukali wa upande wa mlalo na wa upande wa wima hautalingana.

Kuhusu uchambuzi wenyewe, ushauri wangu ni kwamba usiguse data kabisa. Katika njia ambayo Hugo Rietveld aliichapisha 1969, P huwekwa ndani ya modeli, usuli huwekwa ndani ya modeli, na hesabu ghafi hubaki jinsi zilivyotoka kwenye kigunduzi. Kufanya hivyo kunamaliza ubishi wa kipi kitangulie, kwa kuwa kila sehemu ya modeli huzidishwa kwa kile kinachoihusu tu. Vilevile uzito wa kila nukta hubaki sahihi, maana hitilafu ya hesabu ni kipeuo cha pili cha hesabu halisi. Ukishaondoa usuli, programu itadhani nukta yenye hesabu 1,000 ilitokana na fotoni 1,000, ilhali zilikuwa 10,000. Kabla hujaanza, hakikisha kwamba faili ulilopewa halijasahihishwa tayari na programu ya mashine, kwani kusahihisha mara mbili nako ni kosa. Kama maabara ina bamba la kiwango la korandamu ambalo ukali wa vilele vyake unajulikana, omba lipimwe kwa mpangilio uleule: uwiano wa vilele vya pembe ndogo na kubwa utakuonyesha mara moja kama P yako inafaa.

Maji ya Ghuba ya Winam yanafuata kanuni ileile ya kutenganisha, ingawa kwa mwanga wa kawaida wahusika wanabadilika. Fluoresensi ya vitu vya mimea vilivyoyeyuka majini karibu haina polaraizesheni, kwa kuwa molekuli ndogo hujizungusha kabla ya kutoa mwanga. Mtawanyiko wa Raman wa maji yenyewe, yaani mwanga unaotawanywa na maji ukiwa umebadilika urefu wa wimbi, umepolaraizika kwa nguvu, na ukiangaza kwa nanomita 350 utauona karibu na nanomita 397, ukiwa umekalia bega la fluoresensi unayoitafuta. Kwa hiyo hapa usuli ndio wenye polaraizesheni na ishara ndiyo isiyo nayo, kinyume cha udongo wako mwekundu. Monokromata ya fluorimita, yaani chombo cha kupimia fluoresensi, nayo haipitishi mtetemo wa wima na wa mlalo kwa kiasi kimoja, na tofauti hiyo hubadilika kwa urefu wa wimbi. Wakati mwingine hubadilika ghafla, kama mwanafizikia R. W. Wood alivyoona mwaka 1902 kwenye greti, yaani bamba lenye mistari myembamba linalotenganisha mwanga. Weka polaraiza (kichujio kinachopitisha mtetemo wa mwelekeo mmoja) ya upande wa kuangaza wima na ya upande wa kupokea kwenye nyuzi 54.7, na utakuwa umelizima tatizo la ishara yenyewe kutegemea mwelekeo. Upitishaji wa monokromata katika mpangilio huo bado unahitaji kusahihishwa kwa mkunjo uliopimwa na polaraiza zikiwa mahali palepale.

Mfuatano, ambao kwenye eksirei niliudharau kidogo, kwenye maji ya ghuba una uzito kwa sababu maji hayo yana rangi. Rangi hiyo hufyonza sehemu ya mwanga unaoingia na sehemu ya unaotoka, nayo hupunguza Raman sawa na inavyopunguza fluoresensi, ilhali maji safi unayoyatumia kama kipimo tupu hayafyonzi karibu chochote. Sahihisha ufyonzaji wa sampuli kwanza, kwa kuzidisha kwa 10 kwa kipeo cha nusu ya jumla ya ufyonzaji katika mawimbi yote mawili, kisha ndipo utoe maji safi. Jumla hiyo ikiwa 0.3, kizidishio ni 1.41, ukitoa maji safi kabla ya kuzidisha, utatoa Raman kamili kutoka kwenye sampuli ambayo Raman yake imepungua hadi asilimia 71, na karibu na nanomita 397 utaona shimo. Kwa kuwa ghuba hiyo hujaa mwani, chuja maji kwanza kwa kichujio cha mikromita 0.45 au chini ya hapo, siku ileile uliyoyateka.